Kilabu, Baa, Grosari: Majina ya Mahali pa Kunywea Mtwara na Historia Isiyoandikwa

Mgeni akifika Mtwara mjini na kuuliza njia, ni nadra kujibiwa kwa jina la barabara. Ataelekezwa kwa msikiti, kwa shule, kwa mwembe mkubwa, na mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri, kwa baa. Ikiwa anayemwelekeza ni mtu mzima, yawezekana baa hiyo ilikwisha kubadilishwa jina mara mbili, au ilibomolewa zamani na mahali pake pakajengwa duka la vifaa vya ujenzi. Mzee hajakosea. Anasoma ramani ambayo haijachapishwa popote, na siku atakapofumba macho, ataondoka nayo.

Najua baadhi ya wasomaji watauliza kwa nini mwalimu wa chuo apoteze wino wake kwa vilabu vya pombe. Jibu langu ni kwamba historia ya kijamii haichagui milango ya kuingilia. Sinywi kwa niaba ya mtu wala simhimizi mtu kunywa. Ninachodai ni kwamba katika mkoa ambao umepewa majina na watu wa nje kwa zaidi ya karne moja, majina ya mahali pa kunywea ni ushahidi mzuri wa nani alitawala, nani alilipwa mshahara, na nani alisahauliwa.

Tuanze na vinywaji vyenyewe, maana navyo vina majina yenye safari ndefu. Ukanda wa pwani ya kusini una mikorosho mingi, mti uliotoka Brazili na kuletwa pwani hii na Wareno. Msimu wa korosho ukifika, mabibo hukamuliwa, maji yake huachwa yachache, na kinywaji kinachopatikana huitwa uraka. Uraka ukipikwa na mvuke wake kukusanywa, hupatikana pombe kali iitwayo nipa. Huko Goa, India, koloni la Wareno hadi mwaka 1961, watu hukamua mabibo yale yale na kutengeneza kinywaji kiitwacho urrak. Nipa nalo ni jina la Kimalei la mti wa jamii ya minazi unaogemwa utomvu wake. Vigumu kuyaona mafanano haya kuwa ni ajali. Mwanamke wa Msimbati au Nanyamba anayeuza uraka chini ya mkorosho anatamka, bila kujua, historia ya Bahari ya Hindi nzima. Hata jina la Mnazi Bay linabeba mti wa mgema. Kwa ndugu zetu wa pwani ya Kenya, neno mnazi peke yake hutosha kumaanisha tembo.

Utawala wa Kijerumani ulipofika, ulikuta Mikindani ni mji wa Waswahili wenye biashara yake na misikiti yake. Majeshi ya Wissmann yaliitwaa Mei 1890, baada ya upinzani wa pwani, na mwaka 1895 likajengwa boma juu ya mji. Mwaka 1890 huo huo, Mkataba wa Brussels ulizibana dola za kikoloni zisiwauzie Waafrika pombe kali. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, masharti hayo yaliendelezwa na Mkataba wa Saint-Germain wa 1919, na udhamini wa Tanganyika chini ya Uingereza ukarithi wajibu huo. Kwa juu juu, sheria hizi zilionekana kuwa za huruma. Kwa vitendo, ziliugawa unywaji kwa rangi ya ngozi. Mzungu alikuwa na klabu yenye viti vya kukunja na wisiki. Mwafrika wa mjini alikuwa na kilabu cha pombe za kienyeji, kilichohitaji kibali, kilichofunguliwa na kufungwa kwa saa zilizopangwa na Bwana Shauri.

Hapo ndipo lugha yetu ilipofanya kazi ya ajabu. Neno la Kiingereza lilikuwa moja, lakini Kiswahili kililigawa mara mbili. Klabu ikabaki kuwa ya wenye nguvu, mahali pa kadi ya uanachama. Kilabu, kwa kuvaa kiambishi cha ki-/vi-, kikawa cha akina yakhe, mahali pa mapipa na vibuyu. Mpaka leo mtu akisema “anashinda kilabuni”, hakuna anayedhani kwamba anacheza tenisi. Ubaguzi wa kikoloni umelala ndani ya silabi moja.

Mji wa Mtwara kama tunavyoujua ni mtoto wa karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ikaamuliwa kujenga bandari mpya Mtwara na reli ya kwenda bara. Mradi ulitelekezwa Januari 1951, ukiwa umewagharimu walipa kodi wa Uingereza pauni milioni 36. Bandari ilikamilika mwaka 1954, wakati karanga ilizosubiri zimekwisha kuwa kichekesho. Reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, muda mfupi baada ya Uhuru.

Lakini mradi uliokufa uliacha mji ulio hai. Vibarua walikuja kwa maelfu, na palipo na vibarua na mshahara wa mwisho wa mwezi, hapakosi mwanamke mwenye chungu cha pombe. Shangani, ufukweni, ikawa makazi ya Wazungu na maofisa, na huko ndiko klabu ilikokuwa. Mitaa ya ndani ikapata vilabu. Tazama majina ya kata za Manispaa ya Mtwara Mikindani: iko kata iitwayo Reli, ingawa hakuna mtoto wa shule aliyewahi kuona treni pale. Iko pia Rahaleo. Jina la kwanza linakumbuka chuma kilichoondolewa. La pili linakumbuka furaha. Ni majina mawili yanayoeleza ule mradi kwa ufupi kuliko ripoti yoyote ya London.

Uhuru haukubadili majina yote kwa siku moja, wala haukuwa wa kwanza kuyabadili. Dar es Salaam, hoteli iliyojengwa na Wajerumani kwa jina la Kaiserhof, yaani Ikulu ya Kaisari, ilikwisha kubatizwa New Africa na Waingereza baada ya Kaisari kushindwa vita. Kila mtawala hutaka hata bilauri imtambue. Serikali yetu nayo ilitunga Sheria ya Moshi mwaka 1966 kudhibiti pombe ya kupikwa kwa mvuke, kisha Sheria ya Vileo mwaka 1968, ambayo ilipanga leseni kwa madaraja: hoteli, mgahawa, baa, duka, pombe za kienyeji. Madaraja hayo ya leseni yalizaa misamiati. Grosari, ambayo kwa Mwingereza ni duka la unga na sukari, kwa Mtanzania ni mahali pa kunywea bia. Msamiati wa leseni ulitoka ofisini, ukafika mtaani, ukageuka kuwa maisha.

Kipindi cha Ujamaa kilileta aina nyingine ya majina: ya mashirika, jumuiya na mabwalo. Mfano ulio wazi zaidi ni wa bendi, maana bendi ndiyo iliyokuwa roho ya baa. Bendi ya chama cha wafanyakazi ilianza mwaka 1964 kama NUTA Jazz. Chama kilipobadilishwa kuwa JUWATA, nayo ikawa JUWATA Jazz. Mwaka 1991 chama kikawa OTTU, bendi ikafuata. Leo wanajulikana kama Msondo Ngoma, jina ambalo wapenzi wao walilitumia tangu zamani. Majina matatu yalitoka kwa serikali na vyama vyake. La nne lilitoka kwa wasikilizaji, na ndilo lililobaki.

Mtwara haikuwa na mashirika mengi kama Dar es Salaam. Kuanzia 1964 hadi 1974 ilikuwa nyuma ya mstari wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, na barabara yake mbovu iliifanya iwe kisiwa kila masika. Ilichokuwa nacho ni wafadhili. Finland ilijikita Mtwara na Lindi tangu miaka ya 1970, kwanza kwa miradi ya maji, baadaye kwa mpango wa maendeleo vijijini wa RIPS, uliomalizika mwaka 2005. Shangani ikapata Finn Club. Tafakari jina hilo: ufuoni kwa Wamakonde, katika nchi ya kijamaa, klabu yenye jina la taifa la theluji. Sisemi hivyo kwa kejeli. Wafini walichimba visima ambavyo watu walikunywa maji yake. Nasema tu kwamba kila aliyekuja na fedha aliandika jina lake mahali pa kupumzikia.

Kisha ikaja gesi. Iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, ikakaa chini ya mchanga miaka mingi, ikaanza kuzalisha umeme wa Mtwara katikati ya muongo wa 2000. Mpango wa bomba la kwenda Dar es Salaam ulipotangazwa, Mtwara iliingia mitaani, mwishoni mwa 2012 na tena Januari na Mei 2013. Watu walikufa. Bomba likazinduliwa mwaka 2015. Miaka hiyo mji ulijaa wageni, kodi za nyumba zikapanda, na vibao vipya vikaota kwa Kiingereza. Kule Mikindani, boma la 1895, lililokuwa limeanza kubomoka, lilikarabatiwa na asasi ya Waingereza na sasa ni hoteli. Leo mtu aweza kuagiza kinywaji baridi mahali ambapo babu zetu waliitwa kujibu mashtaka.

Na baa ya kawaida ya mtaani? Tangu kiwanda cha bia cha taifa kilipobinafsishwa mwaka 1993, ushindani wa makampuni umevamia hata kibao cha mlangoni. Nembo ya bia huchukua nafasi kubwa, na jina la baa hubanwa chini kwa herufi ndogo. Mmiliki hupata kibao bila gharama, lakini hulipa kwa jina lake.

Hapa ndipo hoja yangu inapofikia. Kila mahali pa kunywea pana majina matatu: lililo kwenye leseni, lililo kwenye kibao, na lililo mdomoni mwa watu. La kwanza liko kwenye faili za halmashauri, ambazo mchwa na mvua huzisoma kabla yetu. La pili hubadilika na mwenye fedha. La tatu ndilo historia yenyewe, na kwa kawaida huanza na neno “kwa”: kwa Mama Fulani, kwa Bibi Fulani. Waliopika pombe za kienyeji katika miji yetu kwa sehemu kubwa walikuwa wanawake, wengi wao wajane na walioachika. Kwa chungu hicho walilipa ada za shule na kujenga vibanda vya bati. Mikindani ina nyumba yenye kibao cha kumkumbuka Livingstone, aliyepita pale mwaka 1866 katika safari yake ya mwisho. Hakuna kibao hata kimoja cha mpika pombe aliyekaa pale miaka arobaini.

Basi nina maombi mawili. Kwa watumishi wa halmashauri: rejista za leseni za vileo msizichome wala kuzifungia maandazi. Zina majina, viwanja, tarehe na ada. Ni nyaraka za umma, na mahali pake ni kwenye makavazi. Kwa wanafunzi, hasa mnaotoka kusini: likizo ijayo, kaeni na wazee wenu na kuwauliza swali dogo, “Hapa palikuwa panaitwaje?” Andikeni jibu, andikeni nani alijibu na lini, na waulizeni pia bibi zenu, si babu peke yao. Msiogope kuuliza habari za pombe katika nyumba ya swala. Mara nyingi asiyekunywa ndiye anayekumbuka vizuri zaidi.

Mkoa huu umeitwa mradi, umeitwa mpaka, umeitwa kisima cha gesi. Wenyeji walipokuwa wakipewa majina hayo, nao walikuwa wakitoa yao, jioni baada ya kazi, kwa sauti ya kawaida. Hayo ndiyo yanayotoweka kila tunapozika mzee, na hakuna kampuni wala mfadhili atakayekuja kutuokotea.