Jinsi gigahezi zilivyokula bonasi ya chai

Juzi kijana wa jirani aliniuliza swali ambalo nimeulizwa mara nyingi tangu nianze kazi hii ya kuandika programu: "Kaka, nina pesa kidogo, ninunue prosesa gani?" Nikaanza kumjibu, mara nikajikuta ninamsimulia mambo ya mwaka 2005. Nimeona afadhali niyaandike yote hapa, kwa sababu kosa nililofanya mwaka huo bado linafanywa hadi leo. Jina lake tu ndilo limebadilika.

Kwanza, pesa zilitoka wapi

Kwa wale wasiojua maisha ya chai: mkulima mdogo anayeuza majani kupitia KTDA, iliyoanza mwaka 1964, hulipwa kwa awamu mbili. Kila mwezi hupata malipo ya kilo alizopeleka kituoni. Kisha karibu na mwezi wa Oktoba huja bonasi, nayo hutegemea chai ya kiwanda chake iliuzwa bei gani. Sehemu kubwa ya chai hiyo hupitia mnada uliohamishwa kutoka Nairobi hadi Mombasa mwaka 1969. Pale mnunuzi haulizi mlichuma kilo ngapi. Anaonja kikombe.

Bonasi ndiyo hulipa karo, hununua ng'ombe na kuezeka nyumba kwa mabati. Mwaka 2005 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina kazi. Mama akanipa shilingi 18,000 kutoka kwenye bonasi yake, akasema: "Nenda Nairobi ununue hiyo kompyuta yako, lakini usininunulie mzigo."

Vita vya megahezi

Ili uelewe nilivyokosea, lazima turudi nyuma kidogo. Pentium ya kwanza ilitoka mwaka 1993 ikiwa na megahezi 60 na 66. Kutoka hapo kampuni mbili, Intel na AMD, zilikimbizana kwa namba. Machi 2000 AMD ilifika gigahezi 1 kwa Athlon yake, na siku mbili baadaye Intel nayo ikatangaza Pentium III ya gigahezi 1. Watu wakazoea kwamba namba ikiwa kubwa, mashine ni nzuri. Rahisi kukumbuka, rahisi kutangaza.

Novemba 2000 Intel ikatoa Pentium 4, ikianzia gigahezi 1.4 na 1.5. Hapa ndipo hadithi inapogeuka. Fikiria kiwanda cha chai: majani hunyaushwa, husagwa, huachwa yachachuke, hukaushwa, kisha hupangwa kwa madaraja. Prosesa nayo huipitisha kila amri katika hatua za namna hiyo. Pentium III ilikuwa na hatua 10. Pentium 4 ya kwanza ilikuwa na 20. Ukigawa kazi vipande vidogo, kila kipande huisha haraka, kwa hiyo mapigo kwa sekunde huongezeka. Mapigo hayo ndiyo megahezi zinazoandikwa kwenye boksi.

Lakini programu hufika njia panda kila mara: ikiwa hivi, fanya vile. Prosesa hubahatisha njia bila kungoja, na ikikosea, kazi iliyokwisha kuingia kwenye mstari hutupwa na kuanza upya. Mstari ukiwa mrefu, hasara ni kubwa. Ndiyo maana wapimaji wa wakati huo walikuta Pentium III ya gigahezi 1 ikiipita Pentium 4 ya gigahezi 1.5 katika baadhi ya kazi za kawaida za ofisini. AMD walijua shida hii. Oktoba 2001 walitoa Athlon XP na kuiita 1800+ ilhali ilikuwa na megahezi 1533, kwa kuwa waliona wanunuzi wanapima kilo tu.

Na kulikuwa na Celeron, prosesa ya watu wenye bajeti ndogo. Mwaka 2002 ungeweza kupata Celeron ya gigahezi 2.0, namba sawa kabisa na ya Pentium 4. Tofauti ilikuwa kashe, ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Celeron ilikuwa na KB 128, Pentium 4 za wakati huo KB 512. Ni kama wachumaji wawili wenye mikono myepesi sawa, mmoja amebeba kikapu kikubwa na mwingine kikapu cha mtoto. Wa pili atashinda siku nzima akienda kituoni kumwaga majani.

Siku ya Nairobi

Nilipanda matatu alfajiri, safari ya zaidi ya kilomita 200. Dukani, mezani, kulikuwa na mashine mbili za mtumba, zile tulizokuwa tukiziita eks-UK. Ya kwanza ilikuwa Pentium III ya gigahezi 1 yenye RAM ya MB 256, aina ile ya PC133 iliyojaa kila mahali, na nafasi ya kuongeza hadi MB 512. Ya pili ilikuwa Pentium 4 ya gigahezi 1.5 yenye RAM ya MB 128. Bei ilikuwa ileile, pamoja na skrini. Muuzaji hakunidanganya. Mimi mwenyewe niliona 1.5 ni kubwa kuliko 1, nikalipa.

Nyumbani, upande wa Litein, nikaiwasha. Windows XP ilitoka mwaka 2001 ikisema MB 128 zinatosha, lakini ukiweka programu ya kuzuia virusi na kufungua kurasa mbili tatu, diski kuu inaanza kukwaruza bila kupumzika. Nikasema si kitu, nitaongeza RAM. Hapo ndipo nilipofungua sanduku kwa mara ya kwanza.

RAM yake ilikuwa ya aina ya Rambus. Intel ilikuwa imeitegemea katika Pentium 4 za kwanza, lakini ilikuwa ghali na soko likaikataa. Katika mazabodi yangu ilitakiwa iwekwe mbilimbili, na nafasi zilizobaki wazi zilitakiwa kujazwa vipande tupu visivyo na kumbukumbu yoyote, ili tu umeme upite! Mjini Kericho hakuna fundi niliyemwendea aliyekuwa nayo. Nikafikiria kubadilisha prosesa. Soketi yake ilikuwa 423, ambayo Intel iliiacha mwaka 2001 hiyohiyo kwa kuleta soketi 478. Prosesa kubwa kabisa iliyowahi kutengenezewa soketi yangu ilikuwa ya gigahezi 2.0. Yaani nilinunua nyumba isiyo na mlango wa nyuma.

Mama aliniuliza swali moja tu: "Na ile nyingine ilikuwa bei gani?" Nikamwambia ilikuwa bei ileile. Akanyamaza, akachukua kikapu chake akaenda shambani. Hadi leo sijasahau.

Sikuitupa mashine hiyo. Niliweka Linux ndogo isiyohitaji RAM nyingi, na mistari yangu ya kwanza ya programu niliiandikia humo, kwenye skrini nyeusi. Mwaka 2007 radi ikapiga, ikaenda na pawa saplai pamoja na mazabodi.

Mbio zilivyoisha

Februari 2004 Intel ilifikisha hatua 31 katika Pentium 4, na joto likazidi. Mei mwaka huo wakafuta mrithi wake, na Oktoba wakaachana na mpango wa kufika gigahezi 4. Julai 2006 walitoa Core 2 Duo, na ile ya gigahezi 1.86 ilikuwa ikiziacha nyuma Pentium 4 za zaidi ya gigahezi 3. Kampuni iliyotufundisha kuhesabu kilo ikakubali kwamba kinachonywewa ni kikombe.

Leo kosa linaitwaje?

Leo watu hawaulizi gigahezi, wanauliza "ni i5 au i7?" Ni kilo zilezile. Core i7-2600 ilitoka mwaka 2011, na haimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Core i3-8100, ya mwaka 2017, imo. Na Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, mwezi wa bonasi! Kwa hiyo usishangae ukiona i7 za zamani zikiuzwa kwa bei ya kuvutia. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kijana wa jirani ana mashine yenye i5-6500 na alitaka kuitoa aweke i5-8500. Zote mbili huandikwa soketi 1151. Lakini Intel ilibadilisha mpangilio wa umeme, na prosesa za kizazi cha nane zinahitaji mazabodi zake. Ingeingia vizuri kabisa, kisha isiwake. Angepoteza pesa kama mimi.

Basi, hii ndiyo orodha niliyompa:

1. Anza na mazabodi. Soma jina lake, utafute orodha ya prosesa na RAM inazokubali. Prosesa inakuja baadaye.

2. RAM na diski ya SSD kabla ya prosesa. Mashine yenye GB 4 na diski ya kuzunguka haitapona kwa prosesa mpya.

3. Kwa mtumba, tazama nyuma ya pawa saplai. Kama kuna swichi nyekundu, hakikisha iko 230 na siyo 115. Mashine zilizotoka Marekani huwa zimewekwa 115, na stima yetu ni volti 240. Utasikia mlipuko.

4. Fungua sanduku utazame kapasita. Zikiwa zimevimba kichwani, iache. Hili lina historia: kompyuta nyingi za ofisi za Dell OptiPlex za 2003 hadi 2005 zilikuwa na kapasita mbovu, na mwaka 2005 kampuni ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya matengenezo.

5. Huku kwetu mvua ya radi ni karibu kila alasiri. Kinga ya umeme ni sehemu ya bajeti, si anasa.

Kijana ameamua kubaki na i5-6500 yake na kuweka Linux, aongeze GB 8 za RAM na SSD, na pesa zinazobaki amrudishie mama yake. Hapo kwa kweli alinishinda.

Haya, hadi siku nyingine. Mawingu yameshajikusanya, naenda kuchomoa waya.