Mkalimani wa Sauti

Maandishi hayasemi yenyewe. Kati ya neno lililoandikwa na sikio linalongojea husimama mtu wa tatu, naye ni mkalimani. Akifanya kazi yake vema hakumbukwi. Akikosea, kosa lake huweza kuishi kuliko yeye mwenyewe na kuliko wote aliowatumikia.

Magharibi ya Kilosa, katika bonde la mto Mkondoa ambamo reli ya kati hupanda kuelekea Dodoma, kipo kituo kiitwacho Munisagara. Jina hilo linamkumbusha Mwinyi Sagara, mmoja wa watawala wa Usagara ambao Carl Peters alipata alama zao juu ya karatasi mwishoni mwa mwaka 1884. Kabla yake, mwezi wa Novemba, Mangungo wa Msovero alikuwa amekwisha kutia alama yake. Mikataba iliandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo waliotia alama hawakuijua. Kilichofika masikioni mwao kilikuwa maneno ya mkalimani tu. Karatasi ilisema kwamba nchi imetolewa pamoja na haki zake zote. Ni vigumu kuamini kwamba hilo ndilo lililosikiwa barazani. Walakini tarehe 27 Februari 1885, Kaisari alipotoa hati ya ulinzi juu ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami, kilichotazamwa Berlin kilikuwa maandishi. Maneno ya mkalimani yalikuwa yamekwisha kupotea hewani.

Liko jambo jingine la namna hiyo hiyo, dogo kwa madhara lakini kubwa kwa mafunzo, lililotokea karne moja baadaye katika nchi za mbali. Nalo ni historia ya viendeshi vya sauti katika michezo ya visa ya kompyuta. Kiendeshi ni programu ndogo inayokaa kati ya programu kubwa na chombo. Programu kubwa husema, "Piga noti hii kwa zumari, kwa nguvu kiasi hiki". Kiendeshi huigeuza amri hiyo kuwa tarakimu ambazo chombo kilichopo huzielewa. Basi, kiendeshi ni mkalimani.

Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 haikuhitaji mkalimani hodari. Spika yake ilitoa sauti moja tu kwa wakati mmoja, kali kama mlio wa nzige. Mambo yalibadilika mwaka 1987. Katika jiji la Quebec nchini Kanada, Martin Prével, aliyekuwa profesa wa muziki, alitoa kadi ya sauti iitwayo AdLib. Ndani yake mlikuwamo chipu ya Yamaha YM3812 iliyoweza kutoa sauti 9 kwa pamoja. Chipu hiyo haikuwa na zeze wala tarumbeta iliyorekodiwa. Iliunda kila sauti kwa kutikisa wimbi moja kwa wimbi jingine, maarifa aliyoyagundua John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967. Mwaka huo huo wa 1987 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa chombo kiitwacho MT-32, chenye sauti tajiri zaidi na bei ambayo wachache waliimudu.

Mwaka 1988 kampuni ya Sierra On-Line ya California ilitoa mchezo wa King's Quest IV, ambao muziki wake ulitungwa na William Goldstein. Huu ulikuwa miongoni mwa michezo ya kwanza ya kompyuta hizo kutungiwa muziki kamili kwa ajili ya vyombo vipya. Hapo ndipo ilipoonekana kazi ya mkalimani. Mtunzi aliandika karatasi moja. Mwenye MT-32 alisikia kundi la wapigaji, mwenye AdLib alisikia kitu kama kinanda cha bati, na mwenye spika tupu alisikia nzige wake wa zamani. Kila mmoja aliamini kwamba amesikia wimbo wenyewe. Sierra iliweka kila kiendeshi katika faili lake, na kwa kila chombo ikaandaa orodha ya sauti zake, ili karatasi ile moja isomwe kwa lugha nyingi. Kwa upande wao, Michael Land na Peter McConnell wa LucasArts walibuni iMUSE, iliyotumika mara ya kwanza katika Monkey Island 2 mwaka 1991. Kwa utaratibu huo muziki uliweza kugeuka katikati ya wimbo kadiri mchezaji alivyotoka mahali hapa kwenda pale, pasipo mkatiko kusikika.

Ufalme huo haukudumu. Creative Labs ya Singapore ilitoa Sound Blaster mwaka 1989, kadi iliyojua lugha ya AdLib na kuongeza uwezo wa kupiga sauti zilizorekodiwa. Na mwaka 1992 kampuni ya Ad Lib ilifilisika. Kisha zikaja diski za CD zilizobeba muziki uliokwisha kupigwa, hata mkalimani hakuhitajiwa tena kama zamani. Kadi zikang'olewa na kutupwa. Michezo ilibaki katika disketi zake, na karatasi za muziki zilikuwa salama ndani yake, lakini hapakuwa na wa kuzisoma. Kompyuta mpya hazikuwa na chipu ile, na viendeshi vya zamani viliongea na mlango ambao nyuma yake hapakuwa na mtu.

Waliorudi kugonga mlango huo walikuwa watu wa kujitolea. Mwaka 2001 Ludvig Strigeus na Vincent Hamm walianzisha ScummVM, programu ya kuendeshea michezo ya zamani ya LucasArts katika kompyuta za kisasa. Mwaka 2009 kazi ya FreeSCI, iliyoshughulika na michezo ya Sierra, iliunganishwa nayo. Kazi ya sauti ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni kuandika upya mkalimani: kukichambua kiendeshi cha zamani amri kwa amri, kujua kwamba husoma karatasi mara 60 kwa sekunde, na sauti ipi huiacha kwanza zinapozidi uwezo wa chombo. Ya pili ni ngumu zaidi: kuunda, kwa hesabu tupu, chombo chenyewe kisichokuwapo.

Kwa miaka mingi waigaji walikisia. Walisikiliza chipu, wakapima, wakaandika hesabu zilizokaribia. Mwaka 2008 Matthew Gambrell na Olli Niemitalo walipeleka uchunguzi mbele: chipu ilivuliwa ganda lake, ikapigwa picha chini ya hadubini, na tarakimu zilizochongwa ndani yake zikasomwa moja moja. Zilionekana jedwali mbili, kila moja yenye tarakimu 256. Ya kwanza ya umbo la wimbi, ya pili ya kulirudisha katika ukubwa wake. Wahandisi wa Yamaha walikuwa wamekwepa kuzidisha kwa kujumlisha logi, kama wanafunzi wa zamani walivyofanya kwa vitabu vya jedwali. Kutoka hapo kukisia kulipungua, na kujua kukaongezeka.

Hapo likazuka swali ambalo si la mafundi peke yao. Chipu ya YM3812 hutoa vipimo 49,716 kwa sekunde, na hesabu zake za mkato huacha mchakacho mdogo ndani ya sauti. Je, mwigaji auondoe? Matoleo ya kwanza ya MT-32 yalikuwa na kasoro ambazo matoleo ya baadaye yaliziponya. Lakini baadhi ya michezo ilitungwa juu ya kasoro hizo, na katika chombo kilichoponywa husikika vibaya. Mwenye kupenda uzuri atasema, "Safisha." Mwenye kupenda ukweli atasema, "Acha kama ilivyokuwa." Mkalimani anayetengeneza maneno ya msemaji ili yapendeze amekwisha kuwa msemaji mwenyewe, naye hakupewa kazi hiyo. Kwa hiyo mwendo wa haki ni ule walioufuata wengi wa waigaji: kuhifadhi sauti pamoja na aibu zake, na kumpa msikilizaji hiari ya kuisafisha akijua kwamba anaisafisha.

Mafunzo haya yana mahali pake Tanzania. Mwaka 1906 Karl Weule alipita katika nchi za Lindi, Masasi na Newala akinasa nyimbo juu ya mitungi ya nta. Baadaye Radio Tanzania Dar es Salaam ilizinasa bendi za dansi juu ya kanda za sumaku. Mtungi wa nta hudai mwendo wake wa kuzunguka; ukikosewa, sauti ya mzee huwa ya mtoto. Kanda nayo hudai kasi yake na kipimo chake cha kurekebisha sauti nene na nyembamba. Anayeihamisha kwa kipimo kisicho chake hupata wimbo wa kweli wenye rangi ya uongo. Kuhifadhi mtungi au kanda bila kuhifadhi maarifa ya kuisoma ni kuhifadhi kaburi. Na anayehamisha asipoandika alivyohamisha, wajao watamsikia yeye wakidhani wanamsikia mwimbaji.

Usagara hapakuwa na wa kulinganisha kilichoandikwa na kilichosemwa, na gharama ya upungufu huo ililipwa kwa ardhi. Waliofufua chipu ya Quebec walilipa kwa usiku mwingi wa kazi isiyo na ujira, nao waliziweka wazi hesabu zao ili kila mwenye shaka apime mwenyewe. Kufa kwa chombo hakuzuiliki, maana nta hupasuka, kanda huchakaa na kampuni hufilisika. Kinachoweza kuzuiliwa ni mkalimani kufa bila kuacha maelezo ya kazi yake.