Komwe sitini na nne

Babu hakunifundisha hesabu, alinifundisha bao. Kila alasiri tulikaa barazani Ng'ambo, Zanzibar, ubao wa mninga katikati yetu, mashimo 32, kete 64. Kete zenyewe ni komwe, mbegu za kijivu za mti wa miiba unaoota ufukweni. Ukizishika muda mrefu zinakuwa laini kama shanga.

Bao la Kiswahili huanza na hatua ya namua: kila mmoja ana kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo kwenye shimo liitwalo nyumba, na 22 mkononi. Anaingiza moja moja. Zikiisha mkononi, ndipo huanza hatua ya pili, mtaji. Shida ni kwamba kete ulizokula zinasambazwa upande wako, na ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, unazoa na kuendelea. Lazima uone mwisho kabla hujagusa. Mimi nilikuwa nagusa kwanza. Babu alinipiga kofi mkononi, si kali, akasema, "Mjukuu wangu, macho yatangulie."

Mholanzi Alex de Voogt alikuja Zanzibar kuwachunguza mafundi wa mchezo huu, na kitabu chake kikatoka mwaka 1995. Wazee wetu wangemwambia bure, kwa kikombe cha kahawa.

Babu alipofika umri wa kusahau majina yetu, siku moja nilimwekea ubao. Jina langu hakulipata. Nyumba yangu aliila kwa mkono wa tatu.