Huko Wanakuandika: Historia Fupi ya Timu za Vikapu za Kazini

Muulize kijana yeyote mrefu hapa Mitaboni anataka kuchezea timu gani ya mpira wa vikapu. Hatataja Nairobi City Thunder. Atakwambia KPA, ama Ulinzi, ama "ile ya benki". Muulize kwa nini. Hatasema vikombe wala kocha. Atakujibu kwa maneno mawili tu: "Huko wanakuandika."

Kuandikwa kazi. Wasee, kwangu mimi hilo neno linaeleza historia ya vikapu Kenya kuliko orodha ya mabingwa. Angalia majina ya timu kubwa za ligi yetu. KPA ni Mamlaka ya Bandari, iliyoanzishwa 1978 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka uliotangulia, na timu zake zinachezea Makande, Mombasa. Ulinzi Warriors ni jeshi. Equity Dumas na Equity Hawks ni benki, na Co-operative Bank walikuwa na yao pia. Ongeza vyuo kama Strathmore na USIU, na umemaliza karibu ligi yote. Timu ya mtaa, timu ya mji, yenye watu wanaoilipia tiketi kwa sababu ni yao? Zilikuwepo, lakini nyingi zilikuwa za kuazima viatu.

Sasa kuna wale hupenda kusema ati hii ni shida ya Kiafrika, ati kwingine klabu ni klabu. Si kweli. Chukua klabu kubwa kuliko zote Urusi, CSKA Moscow. Hizo herufi kwa Kirusi maana yake ni Klabu Kuu ya Michezo ya Jeshi. Mizizi yake ni ya 1923. Enzi za Muungano wa Kisovieti hakukuwa na mchezaji wa kulipwa, angalau kwenye karatasi. Kwa hivyo mchezaji alikuwa mwanajeshi, na kazi yake ya kijeshi ilikuwa kurusha mpira. Dinamo ilikuwa ya polisi na watu wa usalama, Lokomotiv ya reli. Ni ligi yetu kabisa, ila kwenye theluji.

Na walitisha. CSKA ilichukua ubingwa wa Muungano wa Kisovieti mara 24. Kombe la mabingwa wa Ulaya lilianza 1958, na mara tatu za kwanza lilienda Riga, kwa ASK, timu nyingine ya jeshi, chini ya kocha Alexander Gomelsky. CSKA ikalichukua 1961, 1963, 1969 na 1971. Sergei Belov wa CSKA alikuwa kwenye ile fainali ya Olimpiki ya Munich 1972 ambayo Wasovieti waliwapiga Wamarekani 51-50, na mpaka leo Wamarekani hawajachukua medali zao za fedha. Hao wote, ukifuata vitabu vyao, walikuwa watu wa ridhaa.

Hata Marekani kwenyewe. Bob Kurland, jamaa wa futi saba, mshindi wa dhahabu ya Olimpiki 1948 na 1952, hakuwahi kucheza NBA. Aliamua kuchezea Phillips 66ers, timu ya kampuni ya mafuta kule Oklahoma, kwa sababu kampuni ilimpa kazi ambayo ingebaki magoti yakishaisha. Yaani Kurland alifikiri kama kijana wa Mitaboni.

Kwa hivyo siwacheki wanaotaka kuandikwa. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo ilikuwa akili ya kawaida dunia nzima. Shida ni kwamba dunia ilisonga na sisi tukabaki. Muungano wa Kisovieti ulipoanguka 1991, CSKA ilibaki na jina la jeshi lakini pesa zikaanza kutoka kwingine. Mdhamini wake mkubwa akawa Norilsk Nickel, kampuni ya madini, na mchezaji akawa na kandarasi ya mchezaji. Ndipo yakaja makombe ya 2006, 2008, 2016 na 2019. (Urusi ilipovamia Ukraine 2022, EuroLeague ikasimamisha klabu za Urusi. Pesa ya mdhamini haikuweza kununua nafasi hiyo tena. Hiyo ni siku nyingine.)

Huku kwetu, kitu kilichotuamsha hakikutoka kwenye klabu. Kilitoka Yaoundé, 20 Februari 2021. Kenya dhidi ya Angola, wakati huo mabingwa wa Afrika mara 11, kufuzu AfroBasket. Tylor Ongwae akarusha muda ukiisha, ikaingia, 74-73. Mara ya mwisho tulikuwa kwenye AfroBasket ni 1993, tulipoandaa Nairobi na kumaliza wa nne. Miaka 28! Mimi nilitazama ile klipu kwa simu yenye kioo kilichopasuka hadi bando ikaisha. Lakini hebu jiulize Ongwae wakati huo alikuwa anakula wapi. Alikuwa Denmark. Shujaa wetu alikuwa anajipatia riziki ya vikapu Ulaya, kwa sababu nyumbani angepewa dawati.

Mwaka huo huo, mwezi wa tano, ligi ya BAL ikaanza Kigali, klabu 12 za Afrika, NBA na FIBA nyuma yake. Patriots ya Rwanda ikafika nusu fainali. Mwaka uliofuata REG ya Rwanda ikaingia, hata Cobra Sport ya Sudan Kusini. 2023 na 2024 City Oilers ya Uganda ikaingia. 2024 Dynamo ya Burundi ikaingia pia, ingawa ikafukuzwa kwa kukataa kuvaa jezi yenye maandishi ya kutangaza utalii wa Rwanda. Sisi? Misimu minne, sufuri. Majirani kadhaa wamekaa mezani na sisi, wenye uchumi mkubwa, tunachungulia dirishani.

Hapa kuna mtu atanishika shati. Atasema, wewe, si APR ni ya jeshi la Rwanda? Si REG ni kampuni ya stima? Si Petro de Luanda, mabingwa wa BAL 2024, ni watoto wa kampuni ya mafuta ya serikali ya Angola? Ni kweli, na hilo lilinifanya nibadilishe mawazo nikiandika hii. Nilianza nikitaka kusema kampuni ziache michezo. Sisemi hivyo tena. Taasisi inaweza kumiliki timu vizuri kabisa. Swali ni moja: yule mtu ameandikwa kama nani? APR inasajili mchezaji ili acheze, inaleta na wageni, na iko na uwanja kama BK Arena, watu 10,000, uliofunguliwa 2019. Bila shaka Rwanda pia wana nafasi ya moja kwa moja BAL, sisi tunapitia michujo, hiyo nayo isisahaulike. Lakini kwetu mchezaji ameandikwa kama karani ama askari anayeruhusiwa kwenda mazoezi. Siku bosi mpya akija asiyependa vikapu, mazoezi yanaisha na ukarani unabaki. Ama vyote vinaisha.

Na vinaisha kweli. Mashabiki wa kandanda wanakumbuka Oserian, timu ya shamba la maua Naivasha. Ilichukua ligi ya Kenya 2001 na 2002, mfululizo. Leo itafute.

Ndiyo maana Thunder ni jambo kubwa kuliko matokeo yake. 2023 kampuni ya Twende Sports iliichukua klabu hiyo ya Nairobi na kuifanya biashara: mpira ndio kazi. 2024 wakawa mabingwa wa Kenya, wakawaacha bandari, jeshi na benki nyuma. Wakapita michujo ya BAL, na Mei 2025 wakawa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL, kule Kigali. Ongwae alikuwa nao. Nyumbani sasa, kwa mshahara wa kurusha mpira. Hawakufika mtoano wa Pretoria, kombe likaenda kwa Al Ahli Tripoli ya Libya. Watu mtandaoni wakacheka. Mimi sikucheka, manze. CSKA yenyewe ilianza safari yake 1923, kombe la Ulaya ikalishika 1961.

Lakini nitawaambia kinachonitia wasiwasi. Niko na rafiki hapa, tulicheza naye kwenye uwanja wa shule, ule wa pete isiyo na wavu. Aliandikwa na kampuni moja Nairobi, jina naliacha, kwa sababu ya urefu na mkono wake wa kushoto. Miaka miwili, bima, mshahara, mamake akajengewa jiko. Bajeti ikakatwa, timu ikawa ya kwanza kuondolewa, na yeye akafuata. Sasa ni boda, kituo cha hapa sokoni. Nilipomwonyesha Thunder wakiingia uwanjani Kigali, aliangalia kimya hadi robo ya kwanza ikaisha. Kisha akauliza kandarasi zao ni za muda gani.

Nikamwambia biashara inaweza kufunga kama kampuni ilivyofunga timu yake. Akasema anajua, ila angalau wale wakifungiwa, watakuwa wamefutwa kazi kama wachezaji.

Na dada zetu je? BAL ni ya wanaume. KPA na Equity Hawks bado ndio majina makubwa ya wanawake, bandari na benki, na hakuna Twende Sports aliyebisha mlango wao. Nikipata bando, hiyo ndiyo post inayofuata.