Wavuti Ilivyofundishwa Kukumbuka

Wavuti aliyoijenga Tim Berners-Lee kwenye maabara za CERN, Uswisi, haikuwa na kumbukumbu, na ilikuwa hivyo kwa makusudi. Mwaka 1991 ombi la ukurasa lilikuwa mstari mmoja tu: neno GET, kisha mahali faili lilipo. Seva ilituma ukurasa, ikakata mawasiliano, ikamsahau aliyeuomba. Wanafizikia waliokuwa wakisomeana ripoti hawakupungukiwa na kitu. Seva isiyoweka habari za wageni wake ni nyepesi, huhudumia wengi, na ikizimika na kuwashwa tena hakuna kinachopotea.

Tatizo lilikuja na biashara. Mnunuzi alichagua bidhaa kwenye ukurasa mmoja, akafungua mwingine kutafuta ya pili, na mbele ya seva akawa mgeni ambaye hajawahi kuonekana. Waandishi wa programu walihangaika. Wapo waliopachika namba ndefu kwenye anwani ya kila ukurasa, na wapo walioficha taarifa ndani ya fomu ili zirudi kila kitufe kinapobonyezwa. Mbinu hizo zilikwenda kwa kuchechemea: aliyemtumia rafiki yake anwani ile alimkabidhi na kikapu chake cha ununuzi, na aliyefunga kivinjari alianza upya.

Ufumbuzi ulipatikana mwaka 1994 huko Mountain View, California, katika kampuni changa ambayo kabla ya mwaka kwisha ilichukua jina la Netscape. Kampuni ya simu ya MCI ilitaka mfumo wa kuuza bidhaa mtandaoni, lakini haikutaka seva zake zibebe mzigo wa kukumbuka manunuzi ambayo hayajakamilika. Kazi ilimwangukia Lou Montulli, kijana wa miaka ishirini na kitu, ambaye alikuwa ameshashiriki kuunda kivinjari cha Lynx akiwa University of Kansas. Alipendekeza kumbukumbu ikae upande wa mteja. Seva itume maandishi mafupi pamoja na ukurasa, kivinjari kiyatunze, na kila kinaporudi kwenye seva ileile kiyaambatishe. Hicho ndicho kidakuzi. Maelezo yake ya kwanza Montulli aliyaandika pamoja na mwenzake John Giannandrea.

Ilikuwapo njia nyepesi zaidi: kila kivinjari kipewe namba moja ya kudumu, kiioneshe popote kinapokwenda. Montulli aliikataa, kwa sababu namba hiyo ingeziwezesha tovuti zote kumfuatilia mtu mmoja. Akaweka sharti kwamba kidakuzi kirudi kwa yule tu aliyekitoa. Uamuzi huo unastahili heshima kuliko ulivyopewa. Ulifanywa kabla ya watu wengi kujua kwamba mtandaoni kuna faragha ya kulinda.

Toleo la majaribio la kivinjari cha Netscape, lililotoka Oktoba 13, 1994, lilikuja na vidakuzi ndani yake. Matumizi ya kwanza nje ya maabara yalikuwa madogo sana: tovuti ya Netscape kutambua kama mgeni alishawahi kufika hapo.

Nafasi ilikuwa finyu. Kidakuzi kimoja hakikuzidi kilobaiti 4, na kivinjari hakikulazimika kutunza zaidi ya 20 kwa seva moja. Ufinyu huo, pamoja na hatari ya mteja kuchezea bei zilizoandikwa kwenye mashine yake mwenyewe, uliwafunza mafundi kutoweka mali yenyewe ndani ya kidakuzi. Wakaweka namba tu. Ni kama supermaketi: mteja huacha mkoba kaunta, akatembea na kibao chenye namba. Lugha ya programu ya PHP 4, iliyotoka Mei 2000, iliufanya utaratibu huo kuwa sehemu ya lugha yenyewe. Fundi akiandika amri moja, session_start, seva hufungua faili la kipindi cha mgeni na kumpa namba iitwayo PHPSESSID. Kwa kawaida faili lisiloguswa kwa sekunde 1440, yaani dakika 24, huhesabiwa kuwa limekwisha muda.

Lakini mwenye namba ndiye mwenye akaunti. Waliotumia vibanda vya intaneti vya Dar es Salaam au Nairobi wanajua hatari ya kuondoka bila kutoka kwenye barua pepe: anayefuata hahitaji nywila. Mwaka 2010 Eric Butler alitoa Firesheep, programu-jalizi ya Firefox iliyonasa namba hizo kwenye Wi-Fi ya wazi na kumruhusu yeyote kuingia Facebook ya jirani yake. Tovuti nyingi zilikuwa zikisimba nywila peke yake, kisha zikaiacha namba ipite uchi. Facebook ilianza kutoa usimbaji wa mawasiliano yote Januari 2011.

Sharti la Montulli nalo lilikuwa na mwanya. Ukurasa mmoja unaweza kubeba picha kutoka seva nyingine, na seva hiyo nayo hutoa kidakuzi chake. Kampuni ya matangazo yenye picha kwenye tovuti elfu moja ikapata ile namba ya kudumu iliyokataliwa. Gazeti la Financial Times liliwaeleza wasomaji habari za vidakuzi Februari 1996. Mwaka uliofuata waraka wa RFC 2109, ulioandikwa na David Kristol na Montulli mwenyewe, ulitaka vidakuzi vya namna hiyo vizuiwe au angalau visiruhusiwe bila mtumiaji kuchagua. Vivinjari vikubwa havikuufuata. Kivinjari cha Safari kilivizuia vyote mwaka 2020. Google iliahidi mwaka huohuo kuviondoa kwenye Chrome, na kufikia 2025 ilikuwa imeachana na mpango huo.

Sheria ya Umoja wa Ulaya, iliyorekebishwa mwaka 2009, iliona tofauti: kidakuzi kinachohitajika kabisa ili kutoa huduma aliyoiomba mtumiaji, kama kile cha kikapu, hakihitaji ridhaa. Kinachoomba ruhusa kwenye vibango vinavyoziba skrini leo ni ufuatiliaji.