Adui Abadilishaye Njia

Magonjwa mengine hushindwa kwa pigo moja. Mengine hushindwa leo, kesho yakarudi kwa njia nyingine. Saratani ya matiti ni ya aina hii ya pili. Historia ya vita vyake yastahili kusomwa na vijana wa Kesses, kwa maana huko ndiko yaliko makao makuu ya Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, na skuli yake ya utabibu imo mjini Eldoret.

Mwaka 1896 daktari George Beatson wa Glasgow alieleza kwamba alipoondoa vifuko vya mayai vya mwanamke mwenye saratani ya matiti, uvimbe ulinywea. Hakujua sababu kamili. Miaka mingi baadaye wataalamu waligundua kwamba chembe nyingi za saratani hiyo zina kipokezi cha homoni iitwayo estrojeni. Homoni ikikaa katika kipokezi, amri hutolewa, na chembe hugawanyika. Tamoksifeni, dawa iliyotengenezwa Uingereza katika mwaka 1962 kwa nia ya kuzuia mimba, ilionekana yaweza kukaa mahali pa homoni, kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake akakataa kuondoka. Matokeo ya kwanza kwa wagonjwa wa saratani ya matiti yalitangazwa Manchester mwaka 1971.

Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba chembe za baadhi ya wagonjwa zina nakala nyingi mno za jeni iitwayo HER2, na kwamba ugonjwa wao ulikuwa mkali zaidi. Dawa ya kuziba kipokezi hicho, trastuzumabu, iliruhusiwa Marekani mwaka 1998. Wengi waliokuwa hawana tumaini walipata maisha.

Hata hivyo furaha haikukamilika. Mtu aliyeliona bwawa la Kesses ajua kwamba maji yakizuiwa hapa hutafuta upenyo pale. Ndani ya chembe amri hupita kutoka protini moja hadi nyingine, kama barua ipitayo mikononi mwa matarishi. Mmoja wa matarishi hao ni PI3K, na mwenye kumzuia ni PTEN. PTEN ikipotea, au jeni ya PI3K ikibadilika, amri huendelea kutolewa ndani ijapokuwa mlango wa nje umefungwa. Pengine kipokezi cha estrojeni chenyewe hugeuka, kikatoa amri bila kungoja homoni. Hivyo dawa haikuharibika. Adui ndiye aliyebadili njia.

Wataalamu nao wakamfuata huko. Mwaka 2015 Marekani iliruhusu palbosiklibu, izuiayo mgawanyiko wa chembe; mwaka 2019 ikaruhusu alpelisibu, imzuiayo PI3K. Dawa hizi hutolewa pamoja na nyingine, kwa kuwa milango miwili ikifungwa kwa wakati mmoja adui hupata taabu kutoroka. Somo hili si geni Eldoret. Mpango wa AMPATH, ulioanza huko mwaka 2001 kwa ajili ya UKIMWI na baadaye ukashughulikia saratani pia, uliwatibu watu kwa dawa kadhaa pamoja, maana virusi huizoea upesi dawa moja.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitia trastuzumabu katika orodha ya dawa za lazima. Lakini orodha si dawa mkononi. Pasipo kipimo cha kipande cha uvimbe, daktari hajui ni mlango gani wa kufunga. Na mgonjwa akichelewa, chembe huwa zimekuwa nyingi, na katika wingi huo hupatikana zile zilizokwisha kujifunza kutoroka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamwumbua. Basi uvimbe uonyeshwe mapema, upimwe sawasawa, na vijana wasome elimu ya chembe kwa bidii, kwani adui abadilishaye njia hushindwa na yule azijuaye njia zake zote.