Uingereza: Makazi ya usaidizi ni nini, na nani huyalipia?

Katika miji mingi ya England zipo nyumba ambazo mpita njia hawezi kuzitofautisha na nyumba za jirani. Ndani yake huishi watu wazima wachache wenye ulemavu wa akili, usonji, ulemavu wa viungo au maradhi ya akili ya muda mrefu. Kila mmoja ana chumba chake, ufunguo wake na mkataba wake wa upangaji. Wahudumu huja kwa zamu kuwasaidia kupika, kutunza fedha, kumeza dawa kwa wakati au kwenda dukani. Gharama ya msaada huo, kwa sehemu kubwa, hubebwa na halmashauri ya eneo.

Mpango huu hujulikana kama makazi ya usaidizi. Si hospitali, wala si makao ya malezi. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, bali imo katika karatasi. Katika makao ya malezi, malazi na huduma ni kitu kimoja, na anayekosa kimoja hukosa na kingine. Katika makazi ya usaidizi kuna mikataba miwili inayojitegemea, mmoja wa nyumba na mwingine wa huduma. Kwa hiyo mtoa huduma akishindwa kazi, anaweza kuondolewa pasipo mpangaji kupoteza mahali pa kulala. Mwenye nyumba naye hana mamlaka ya kuamua nani amwogeshe mpangaji wake.

Mpango ulitoka wapi?

Katikati ya miaka ya 1950, hospitali za maradhi ya akili za England na Wales zilikuwa na wagonjwa wapatao 150,000. Wengi waliishi humo kwa miaka mingi, mbali na ndugu zao. Mwaka 1961, Waziri wa Afya wa wakati huo, Enoch Powell, alitangaza nia ya serikali ya kuzifunga. Mwaka 1969 ilitolewa ripoti ya uchunguzi kuhusu ukatili katika Hospitali ya Ely mjini Cardiff, iliyokuwa ikihifadhi watu wenye ulemavu wa akili. Miaka miwili baadaye serikali ilitoa waraka wa sera uliotaka watu hao waishi katika jamii badala ya wodi.

Sheria ya mwaka 1990 ndiyo iliyozikabidhi halmashauri jukumu la kutathmini mahitaji ya watu na kuwapangia huduma nje ya hospitali. Hata hivyo, si wote waliotoka. Mwaka 2011, kipindi cha Panorama cha BBC kilionyesha, kwa kamera ya siri, wagonjwa wenye ulemavu wa akili wakipigwa na kudhalilishwa katika hospitali binafsi ya Winterbourne View, karibu na Bristol. Hospitali hiyo ilifungwa. Mwaka 2012 wafanyakazi 11 walihukumiwa, na sita kati yao walipelekwa gerezani. Tangu hapo, serikali zilizofuatana zimeahidi kuwatoa watu wa aina hiyo hospitalini, na makazi ya usaidizi ni mojawapo ya njia kuu za kuitimiza ahadi hiyo.

Nani anastahili?

Msingi wa sasa ni sheria ya mwaka 2014 kuhusu huduma kwa watu wazima, iliyoanza kutumika Aprili 2015 nchini England pekee. Wales, Scotland na Ireland Kaskazini zina sheria zao.

Chini ya sheria hiyo, halmashauri inalazimika kumfanyia tathmini mtu mzima yeyote anayeonekana kuhitaji huduma, bila kujali kipato chake. Ili astahili, masharti matatu hutazamwa kwa pamoja. Kwanza, mahitaji yake yatokane na ulemavu au maradhi ya mwili au ya akili. Pili, ashindwe kutimiza angalau mambo mawili kati ya kumi yaliyotajwa katika kanuni: kupata lishe, kutunza usafi wa mwili, kwenda haja, kuvaa inavyofaa, kuwa salama nyumbani, kuitunza nyumba, kudumisha uhusiano na watu, kupata kazi au elimu, kutumia huduma zilizopo katika jamii, na kumlea mtoto aliye chini yake. Tatu, kushindwa huko kuathiri sana ustawi wake.

Mtu huhesabiwa kuwa ameshindwa hata ikiwa analiweza jambo lakini kwa maumivu makubwa, kwa kuhatarisha usalama wake, au kwa kutumia muda mrefu kupita kiasi. Na kama anapata shida kubwa kuielewa tathmini yenyewe, na hana ndugu au rafiki anayefaa kumsaidia, halmashauri sharti imtafutie mtetezi wa kujitegemea.

Baada ya tathmini huandikwa mpango wa huduma, pamoja na kiasi cha fedha kinachotosha kuutekeleza. Anayetaka anaweza kuomba apewe fedha hizo mwenyewe na kuajiri wahudumu wake. Halmashauri ikimpeleka mtu kwenye makazi yaliyo katika eneo la halmashauri nyingine, ile ya kwanza hubaki na wajibu wa kulipia huduma yake.

Nani hulipa nini?

Hapa ndipo familia nyingi huchanganyikiwa, kwa kuwa fedha hutoka katika mifuko mitatu.

Pango hulipwa na mpangaji, ambaye kwa kawaida hupata ruzuku ya serikali ya kulipia nyumba. Chakula, umeme na matumizi ya kila siku hutoka mfukoni mwake, mara nyingi kutokana na posho za ulemavu. Huduma hulipwa na halmashauri, lakini baada ya kupima uwezo wake. Mwenye akiba inayozidi pauni 23,250 hulipia huduma yake yote. Mwenye chini ya pauni 14,250 hachangii kutoka katika akiba, ingawa kipato chake huangaliwa. Viwango hivyo havijapandishwa tangu mwaka 2010, licha ya bei za vitu kupanda.

Kuna kinga kadhaa. Halmashauri haina ruhusa ya kuigusa sehemu ya posho ya ulemavu inayotolewa kwa ajili ya usafiri. Inapaswa pia kuzingatia gharama zinazoletwa na ulemavu wenyewe, na kumwachia mtu kiwango cha chini cha kipato cha kuishi. Aidha, mtu aliyewahi kulazwa kwa lazima kwa ajili ya matibabu chini ya vifungu fulani vya sheria ya afya ya akili ya mwaka 1983 ana haki ya kupata huduma za baada ya hospitali bila kuchangia chochote, maadamu bado anazihitaji.

Mchango huo umewahi kufikishwa mahakamani. Desemba 2020, Mahakama Kuu iliamua kwamba utaratibu wa halmashauri ya Norfolk wa kuwatoza watu ulikuwa wa kibaguzi. Uliwaumiza zaidi wenye ulemavu mkubwa, ambao hawawezi kufanya kazi na hutegemea posho tupu, kuliko wale wenye mshahara.

Haki ya kuamua

Sheria ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa kujiamulia inaanza na kanuni kwamba kila mtu mzima anao uwezo huo hadi ithibitike vinginevyo. Uamuzi usio wa busara si ushahidi wa kukosa akili. Mpangaji anaweza kuchelewa kulala, kumkaribisha mchumba au kutumia fedha zake kwa jambo ambalo mhudumu hakubaliani nalo.

Kwa asiyeweza kuamua jambo fulani, uamuzi hufanywa kwa kuangalia maslahi yake. Ikiwa ulinzi anaopewa unafikia kiwango cha kumnyima uhuru, kibali cha msimamizi wa nyumba au cha ofisi ya halmashauri hakitoshi. Inabidi idhini itafutwe katika mahakama maalumu inayoshughulikia masuala ya watu wasio na uwezo wa kujiamulia.

Mapengo

Mikataba miwili inaweza kutengana kwenye karatasi na kuungana katika maisha. Mara nyingi halmashauri huchagua mtoa huduma mmoja kwa nyumba nzima, na saa za wahudumu hugawanywa kwa wakazi wote. Mkazi mmoja akimtaka mhudumu mwingine, huambiwa kwamba hesabu haitatosha. Chumba kikibaki kitupu, hujitokeza shinikizo la kukijaza upesi, hata kwa mtu asiyepatana na waliopo.

Udhibiti nao una ukomo. Tume inayosimamia ubora wa huduma nchini England hukagua msaada wa kimwili, kama vile kuoga, kuvaa na kula. Haikagui nyumba yenyewe. Anayetoa msaada wa kupanga bajeti au kujaza fomu pekee halazimiki kusajiliwa na tume hiyo. Katika pengo hilo, baadhi ya wenye nyumba walianza kukusanya ruzuku kubwa za pango huku msaada wanaoutoa ukiwa haba. Mwaka 2022, kamati ya Bunge ilitoa ripoti kali kuhusu hali hiyo. Sheria mpya ilipitishwa mwaka 2023 ili kuweka viwango na leseni, na serikali ilikusanya maoni kuhusu kanuni za kuitekeleza mwaka 2025.

Wahudumu kutoka ng'ambo

Kazi hii imewavuta wageni wengi, wakiwemo watu kutoka Afrika Mashariki. Mwaka 2022 Uingereza iliwafungulia wahudumu viza ya kazi za afya na huduma. Machi 2024 iliwazuia kuja na wenza na watoto wao, na ikawataka waajiri wanaowadhamini nchini England wawe wamesajiliwa na tume ya ubora wa huduma. Tarehe 22 Julai 2025, mlango wa kuajiri wahudumu wapya moja kwa moja kutoka ng'ambo ulifungwa.

Zamu za usiku zina sheria yake. Mwaka 2021, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mhudumu anayeruhusiwa kulala akiwa zamu hahesabiwi saa za usingizi katika kima cha chini cha mshahara. Huhesabiwa zile tu anazoamshwa kufanya kazi.

Kwa nchi za kanda hii

Kifungu cha 19 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu kinatambua haki ya kuchagua mahali pa kuishi na mtu wa kuishi naye. Kenya, Uganda na Rwanda ziliuridhia mwaka 2008, Tanzania na Uingereza mwaka 2009, Burundi mwaka 2014, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2015. Katika kanda hii mzigo wa malezi bado uko mabegani mwa familia, na swali la nani atamtunza mtoto wao mtu mzima pindi wao watakapofariki huwakosesha usingizi wazazi wengi. Wazazi wa England hujiuliza swali hilo hilo. Tofauti ni kwamba wao wana ofisi ambayo sheria inailazimu kulijibu.

Kabla ya kutia saini

Familia inayopewa nafasi katika makazi ya usaidizi inashauriwa kupata majibu ya maandishi kwa maswali manne. Je, jina la nani limo katika mkataba wa upangaji? Je, mwenye nyumba na mtoa huduma ni taasisi mbili au moja yenye majina mawili? Je, saa ngapi za huduma ni za mkazi peke yake, na ngapi ni za pamoja? Je, mkazi akimkataa mtoa huduma, atabaki na nyumba?

Asiyeridhika huanza kwa kulalamika kwa mtoa huduma au halmashauri. Akikosa jibu la haki, anaweza kulifikisha suala hilo bila malipo kwa mchunguzi wa malalamiko dhidi ya serikali za mitaa na huduma za jamii. Palipo na dalili za mateso au kutelekezwa, halmashauri hulazimika kuchunguza, hata kama aliyeripoti ni jirani.